Mstaafu wa jeshi, miaka 68: nibaki na simu, nichukue kamera ya zumu ndefu au DSLR ya mtumba?

Mzinga wa Mindu
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mstaafu wa JWTZ, nakaa Morogoro. Nilikuwa mizinga, na mwaka 1979, vita vya Kagera, nilivuka mpaka wa Mutukula kuingia Uganda na kikosi changu. Tangu mke wangu atangulie mbele za haki, kila alfajiri natembea hadi Bwawa la Mindu. Huko ndiko nilikoanza kupiga picha kwa simu: yangeyange, mnandi, na mdiria yule mweusi na mweupe anayepiga mbawa pale pale hewani kabla ya kuchoma maji. Imekuwa ndiyo kazi yangu sasa. Siku nisipokwenda naona siku imepotea.

Simu haitoshi. Mdiria akiwa mita thelathini anatoka kidoa. Nina milioni moja na nusu, na nimeona vitu viwili vya mtumba: Nikon P900, ile yenye zumu ya mara 83, na Nikon D3400, DSLR ya kubadilisha lenzi, ikiwa na lenzi mbili: 18-55 ya karibu na 70-300 ya mbali. Kijana wangu anasema niongeze hela ninunue simu kubwa, yaishe.

Niseme na hali ya mwili ili mnishauri vizuri. Sikio la kushoto halisikii, ni mizinga hiyo. Mkono wa kulia unatetemeka kidogo asubuhi kabla sijanywa chai. Navaa miwani. Goti moja halitaki mzigo. Nichukue ipi?

Chipukizi_Dom
Shikamoo mzee. Mimi niko upande wa kijana wako. Simu za sasa zinapiga vizuri hata usiku, hubebi begi, na picha ukipiga tu imeshafika kwa wajukuu. Kamera utaibeba mwezi wa kwanza, halafu itakaa kabatini. Nimeliona hilo kwa baba yangu mdogo.

MamaNyuni
Shikamoo baba. Chipukizi, kwa picha za nyumbani nakubaliana na wewe, ila kwa ndege simu haifiki. Ukivuta mbali sana, sehemu kubwa ya ukuzaji inafanywa na programu, si kioo. Manyoya yanakuwa kama yamepakwa rangi ya maji. Halafu jaribu kusoma kioo cha simu saa nne ya asubuhi jua likikuangalia usoni, tena na miwani. Unapiga kwa kubahatisha.

Mimi niko Arusha, natumia P900 mwaka wa tano. Baba, kwa ndege chukua hiyo. Lenzi yake inaanzia milimita 24 inafika 2000, na hubadilishi chochote. Uzito ni kama gramu 900, ndiyo yote hiyo. Na kuhusu sikio: sisi wengine ndege tunamsikia kwanza, ndipo tunamtafuta. Wewe utategemea jicho, kwa hiyo utahitaji kupekua matawi kutoka mbali. Ukishavuta zumu mpaka mwisho ni rahisi kumpoteza ndege, unabaki unaangalia majani matupu. P900 ina kitufe ubavuni mwa lenzi: ukikibonyeza picha inarudi nyuma, unamwona ndege alipo, ukikiachia inamrudia. Kitufe hicho kimeniokoa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Fundi Lenzi
Mzee wangu shikamoo. Natengeneza kamera hapa Kariakoo. Kabla hujatoa hela, nitumie picha ya maandishi yaliyo kwenye hiyo 70-300. Nikon walitoa 70-300 za aina ya AF-P (zenye mota ya kufokasi ndani ya lenzi) mbili zinazofanana kama mapacha. Moja imeandikwa VR, nyingine haina. VR ndiyo inayotuliza mtikisiko. Kwa mkono unaotetemeka, isiyo na VR ni mateso, utarudi nyumbani na picha mia zote zimefifia, udhani kosa ni lako.

Na washa tochi ya simu, imulike kupitia lenzi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu, yaani kuvu. Usinunue hata kwa bei ya maandazi.

Afande wa Nanyuki
Afande, pokea saluti kutoka Kenya. Nami ni mstaafu, nilikuwa Kroeshia na kikosi chetu chini ya Umoja wa Mataifa miaka ya 90, nikapigia filamu huko. Usihofu mkono. Yale tuliyofundishwa ranji yapo bado mwilini. Viwiko bana mbavuni. Mguu wa kushoto mbele. Vuta pumzi, toa nusu, shikilia, kisha bonyeza polepole kama unavyovuta traiga, usidunge. Goti likikubali, kaa chini uegemeze kiwiko juu ya goti jingine. Mimi nina mwanzi niliokata unaofika kidevuni kwangu, juu nimefunga kipande cha mpira wa baiskeli. Kamera inalala pale. Unautembelea kama fimbo na unaupigia picha, goti nalo linapumzika.

Lakini swali langu ni hili: ni ndege tu unataka kupiga? Maana sote humu tunakujibu kuhusu ndege.

Mzinga wa Mindu
Marahaba wanangu. Afande wa Nanyuki, saluti imepokelewa.

Umeniuliza swali ambalo sikutaka kuliweka mwanzo. Ndege ni wa asubuhi. Kuna jambo lingine. Nina picha moja tu ya vita. Ni nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja, tuliyopigiwa Masaka, Uganda. Tuko watatu mbele ya gari la Saba Saba, lile la kurushia makombora, mimi wa kulia. Wa katikati alifariki mwaka jana, na msibani hapakuwa na picha yake nzuri ya uzeeni. Waliweka ya kitambulisho, wakaikuza mpaka uso ukawa madoa. Niliona vibaya sana.

Wa kushoto yupo hai, anakaa Kihonda. Wengine wa kikosi wako Kilosa, Mvomero, wawili Dodoma. Nataka kuwafuata majumbani mmoja mmoja, nimpige kila mtu picha ya heshima, niisafishe, nimpelekee. Ndege nawapenda, ila hili ndilo linaloninyima usingizi.

Fundi, nimeangalia lenzi. Haijaandikwa VR.

Ukumbi wa Tanga
Mzee shikamoo, na pole kwa rafiki yako. Mimi napiga harusi Tanga. Uliyosema sasa hivi yamebadilisha jibu langu kabisa.

Sebule za wazee wetu nazijua: dirisha moja, pazia zito, taa ya njano. P900 ina sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ndogo sana. Ya D3400 inaizidi eneo zaidi ya mara kumi, ndiyo maana inakusanya mwanga vizuri ndani. Ukiingia na P900 sebuleni saa kumi jioni utapata uso wenye chengachenga, au itakulazimisha uwashe flashi, na flashi ya usoni inamfanya mzee aonekane amekamatwa.

Kuhusu megapikseli, msimbabaishe mtu. P900 ina 16, D3400 ina 24. Picha ya inchi 6 kwa 4 iliyosafishwa vizuri inahitaji pikseli 1800 kwa 1200, yaani megapikseli mbili na kitu. Hata A4 haifiki tisa. Zote zinatosha. Kinachotofautisha hapa ni mwanga.

Ushauri wangu: mwambie muuzaji abaki na hiyo 70-300. Chukua bodi ya D3400 na 18-55, hela inayobaki tafuta lenzi ya 50mm f/1.8. Hiyo lenzi ndogo inaingiza mwanga zaidi ya mara tisa ya ile 18-55 ukiivuta hadi mwisho. Mkalishe mzee pembeni ya dirisha, pazia wazi, usiwashe taa.

MamaNyuni
Sikatai kuhusu sebule. Ila baba akichukua 50mm, yule mdiria ndio basi. Atatembea mpaka Mindu kila siku na lenzi isiyofika popote. Mtu ameondokewa na mwenzake, asubuhi zake ndizo zinazomwinua kitandani. Tusizichukulie kama jambo la ziada. Wazee anaweza kuwapiga nje, chini ya mwembe, kivulini, na P900 ikatoa picha nzuri tu. Nimepiga bibi zangu hivyo.

Ukumbi wa Tanga
Dada, mwembe ni sawa kwa anayeweza kutoka nje. Wengine hawatoki kitandani.

MamaNyuni
Hapo umenishinda. Sikulifikiria.

Fundi Lenzi
Niongeze mambo mawili. La kwanza: D3400 haina mota ya kufokasi ndani ya bodi. Mzee akienda dukani akaomba 50mm tu, atapewa ile ya zamani iliyoandikwa AF 50mm f/1.8D kwa sababu ni rahisi, na kila picha atafokasi kwa mkono. Iandikwe AF-S, yaani mota iko ndani ya lenzi yenyewe, na mwishoni G. Mimi mwenyewe nilipoanza niliuziwa lenzi isiyolingana na bodi yangu, na muuzaji alikataa kunirudishia hela, kwa hiyo hili nalisema kwa uchungu.

La pili ni betri. D3400 kwa vipimo vya kiwanda inafika picha 1,200 kwa chaji moja, P900 ni 360 hivi. Kwa mtu anayekwenda Kilosa akalale huko umeme ukiwa umekatika, hiyo si tofauti ndogo.

Na mzee, hewa ya unyevu ndiyo inayozaa ule ukungu. Usiiweke kamera kabatini na nguo. Tafuta dishi la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka ndani vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mchele usiweke, vumbi lake linaingia.

Chipukizi_Dom
Mzee, nafuta niliyosema kuhusu simu. Ila simu yako itumie kurekodi sauti zao wakisimulia. Iweke mezani wakati unapiga picha.

Afande wa Nanyuki
Hilo la Chipukizi lishike, afande. Na kwa ndege: tulifundishwa kujificha na kungoja. Mtu aliyelala kwenye handaki siku tatu anashindwaje kukaa saa moja kwenye matete? Ndege wa maji wana mahali pao pa kutua. Keti karibu na mti uliolalia maji, uje kila siku saa ile ile, nguo ile ile. Watakuzoea. Mita thelathini zitakuwa kumi. Ila zungumza kwanza na walinzi wa bwawa, wakujue, na lenzi isielekee ukuta wala mitambo. Sisi wa jeshi tunajua mtu mwenye kamera karibu na maji ya mji anavyoonekana.

Mzinga wa Mindu
Wanangu, nimerudi baada ya wiki tatu.

Nilishuka Dar kwa Fundi, nikazishika zote mbili. P900 nzuri, MamaNyuni hukusema uongo, kile kitufe nilikijaribu kwa kunguru juu ya nguzo. Lakini nilipochungulia ndani yake nikaona televisheni ndogo, na kunguru aliporuka picha ilichelewa kidogo. D3400 unaona kwa kioo, kitu kinakwenda na wewe unakwenda nacho. Fundi akanizungushia kigurudumu kilicho pembeni ya tundu mpaka nikaona bila miwani. Hapo moyo ukatulia. Nimechukua D3400, 18-55 na 50mm ile ya AF-S.

Jumamosi nilikwenda Kihonda. Amepofuka jicho moja siku hizi, na miguu imevimba, hatoki nje. Mkwe wake alifungua pazia. Nilimkalisha ubavu kwa dirisha, nikampa ile picha ya Masaka aishike. Aliisogeza karibu na jicho linaloona, akaikalia kimya muda mrefu, kidole gumba juu ya uso wa yule wa katikati. Nilitoa nusu ya pumzi. Picha ya tatu ndiyo niliyoisafisha: mwanga umelala kwenye mifupa ya vidole, kucha ya kidole gumba imepasuka, na ukiangalia vizuri ule uso mdogo wa Masaka unaonekana chini ya kidole, wazi. Sikuwasha taa wala flashi. Simu ilikuwa mezani, imechukua dakika arobaini.

Ameomba nakala mbili, moja ya watoto wa marehemu.

Kwa mdiria, nimepata tawi. Juzi alitua kama hatua kumi na mbili kutoka nilipokaa, bado mdogo kwenye picha lakini samaki mdomoni anaonekana. Fundi, ile 70-300 yenye VR ikipita mikononi mwako niwekee. Alhamisi naelekea Kilosa.