Mwanafunzi mmoja akiugua, darasa zima lirudishwe nyumbani?

Mtoa mada:
Wakuu, tulijadili hili bila jazba. Mwanafunzi anapimwa, anakutwa na ugonjwa wa kuambukiza. Kesho yake tangazo linatoka: darasa zima libaki nyumbani hadi litakapoitwa tena. Msimamo wangu ni kwamba mara nyingi hapo uongozi wa shule unakwepa lawama tu, wala haudhibiti maambukizi. Mtoto mzima aliyekaa karibu na mgonjwa aendelee na masomo huku akipimwa, na kwa magonjwa mengine hata kumpima ni kupoteza muda.

Nina ushahidi. Mwaka 2021 huko Uingereza shule na vyuo 201 viligawanywa kwa kura. Upande mmoja, aliyetangamana na mgonjwa wa Korona alijitenga nyumbani siku 10. Upande wa pili aliruhusiwa kuja shuleni, mradi apimwe kwa kipimo cha haraka kila siku kwa siku 7 na majibu yawe hasi. Maambukizi hayakupishana kwa kiasi cha kutisha. Pande zote mbili, waliotangamana na mgonjwa shuleni kisha wakaambukizwa walikuwa kama 2 tu katika kila 100. Ilipofika Julai mwaka huohuo, wanafunzi zaidi ya milioni 1 nchini humo walikuwa nje ya shule kwa sababu ya Korona, wengi wao wazima kabisa.

Tena kila ugonjwa una tabia yake. Mwenye Ebola haambukizi kabla dalili hazijaanza, kwa hiyo aliyetangamana naye hufuatiliwa siku 21, joto la mwili likiangaliwa kila siku. Ukimpima siku ya pili ukapata hasi, umejidanganya. Surua ni kinyume: mgonjwa anaanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele, na virusi vinaweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya yeye kutoka chumbani. Hapo kuuliza nani alikaa naye dawati moja hakusaidii kitu. Uliza kadi ya chanjo. Asiyechanjwa apewe chanjo ndani ya saa 72, la sivyo akae nje siku 21. Waliochanjwa waendelee na hesabu zao.

Mwalimu wa darasa:
Mkuu, kwenye karatasi imekaa vizuri. Kwa Korona tuliambiwa mtu wa karibu ni aliyekaa ndani ya mita 1 na mgonjwa kwa dakika 15 au zaidi. Darasa lililojaa hadi mlangoni, nani hayumo? Nikitafuta majina namuuliza mtoto alicheza na nani, anataja aliogombana nao. Rafiki yake wa kweli anamficha asije akarudishwa nyumbani. Halafu unataka niwapime asubuhi, nisubiri majibu, nianze kipindi saa ngapi? Kulifunga darasa zima kuna ubaya wake, lakini angalau hakumwonei mtu.

Mzazi:
Mtoto wangu anatibiwa saratani ya damu, kinga yake iko chini. Mtoa mada anasema "2 tu katika kila 100". Hiyo "tu" ni ya wenye watoto wazima. Na kuna jambo hukulitaja kwenye utafiti huohuo: kupimwa kila siku kulikuwa kwa hiari, na ushiriki haukufika nusu. Sasa unataka tuujengee kanuni ya kila shule?

Muuguzi:
Niongeze la vipimo, maana watu wanaviamini kupita kiasi. Chukua shule ya wanafunzi 1,000, wenye ugonjwa ni 2. Kipimo kikikosea kwa wazima 5 tu katika kila 1,000, utapata majibu chanya 7 hata kama wagonjwa wote 2 wamenaswa, yaani wengi wa "wagonjwa" wako ni wazima. Ndiyo maana sikubali kupima shule nzima. Pima wenye dalili na waliotangamana na mgonjwa, majibu chanya yathibitishwe maabara. Upande mwingine, mtoto akijipima mwenyewe anagusa ukingo wa pua kwa pamba, anatoa hasi, anaingia darasani kwa furaha.

Na acheni kudai cheti cha hasi cha PCR (kipimo cha maabara kinachotafuta chembe za urithi za virusi) ili mtoto aliyepona Korona arudi. Kipimo hicho kinaweza kusoma chanya kwa wiki kadhaa wakati yeye haambukizi tena.

(Majibu ya watoto nayo yasisomwe mstarini. Nimeshuhudia. Mtoto anabaki na jina la ugonjwa hadi anamaliza shule.)

Mtoa mada:
Mzazi, ushiriki ulikuwa mdogo, ni kweli. Lakini ulinganisho ni baina ya shule na shule, pamoja na waliogoma kupimwa, na bado hali haikuharibika. Kwa mtoto wako ninachotaka ni wewe upigiwe simu siku hiyohiyo kabla ya mzazi mwingine yeyote. Kuwafungia wenzake 60 hakumlindi na aliyekwisha kumkoholea.

Mzazi:
Umesema mwenyewe surua inaambukiza siku 4 kabla ya vipele. Simu yenu itanikuta mtoto ameshavuta hewa hiyo. Itanisaidia nini?

Muuguzi:
Itasaidia sana. Mtoto mwenye kinga dhaifu hapewi chanjo ya surua, kwa sababu ina virusi hai. Lakini anaweza kupewa kingamwili, yaani chembe za kinga zilizo tayari za kupambana na virusi, nazo zinatakiwa ndani ya siku 6 tangu alipotangamana na mgonjwa. Siku 4 zikishapita zimebaki 2. Shule ikingoja kikao cha wazazi cha wiki ijayo, nafasi imekwisha.

Mwalimu wa darasa:
Basi niulize mimi, maana nitakayetumwa ni mimi. Taarifa za afya za wanafunzi ziko kwenye kabati la mwalimu mkuu, na hatuambiwi yaliyomo kwa sababu ni siri. Hiyo simu ya siku hiyohiyo nitampigia nani, ikiwa sijui ni mtoto yupi darasani mwangu mwenye kinga dhaifu?