Mtulinga umeunga lakini mkono hauinuki: nifuatilie vipi matibabu na fidia?

Fundi Kinu

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba mawazo ya wale waliopitia jambo kama langu au wanaolijua kutokana na kazi zao. Nina umri wa miaka 34, na ni mwendesha mitambo katika kiwanda cha kusaga nafaka mkoani Morogoro. Miezi minane iliyopita, nikiwa zamu ya usiku, mkanda wa mashine ulinasa mkono wa koti langu ukanivuta, bega la kulia likaburutwa chini na shingo ikapinda upande wa pili, hadi mwenzangu alipowahi kuzima umeme. Hospitalini walikuta mtulinga umevunjika, wakanifunga, na baada ya wiki kadhaa wakapiga picha ya eksirei na kuniambia kwamba mfupa umeunga vizuri.

Mfupa umeunga kweli, lakini mkono hauinuki. Vidole vinashika, naweza hata kubeba ndoo ndogo mkono ukiwa umenyooka, ila siwezi kukunja kiwiko nikapeleka tonge mdomoni, wala kuinua mkono nikafikia kola ya shati. Nyama ya bega imesinyaa hadi mfupa umechomoza. Zaidi ya hayo kuna maumivu ambayo sijui hata niyaite nini: mara ni moto unaoshuka kutoka begani hadi kidole gumba, mara ni kama kupigwa shoti, na ngozi ile ile inayochoma huwa imekufa ganzi nikiigusa. Nimemeza parasetamoli na diklofenaki kwa miezi bila nafuu ya maana. Kila nikirudi kliniki napigwa picha ya mfupa, na mfupa hauna kosa.

Kazini wanasema nimekwishapona. Likizo ya ugonjwa imekwisha, mshahara umesimama mwezi wa pili sasa, na nimeambiwa kwa mdomo tu kwamba nijipime kama kazi naiweza. Nilipouliza kama ajali yangu ilipelekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nilijibiwa kwamba "linashughulikiwa", na sijawahi kuona fomu yoyote. Shangazi yangu anasisitiza nipelekwe kwa mchuaji, kwa kuwa kwa maoni yake mshipa umehama. Ninachotaka kujua ni kama bado kuna tiba ya mkono huu baada ya muda wote huo, na kama nisubiri matibabu yaishe ndipo nidai au nianze sasa.

Mnyoosha Viungo

Pole sana, kaka. Mimi ni mfiziotherapia, na ingawa siwezi kukupima kwa maandishi, maelezo yako yanafanana sana na jeraha la fungu la mishipa ya fahamu inayotoka shingoni, kupita nyuma ya mtulinga na kuingia mkononi. Bega linapovutwa chini huku shingo ikienda upande wa pili, inayoumia zaidi ni mishipa ya juu ya fungu hilo, ambayo huinua bega na kukunja kiwiko, huku ile ya chini inayoendesha vidole ikiweza kusalimika. Ndiyo maana ndoo unaishika lakini tonge halifiki mdomoni. Eksirei haiuoni mshipa wa fahamu hata ipigwe mara mia. Kinachohitajika ni kipimo cha umeme wa mishipa na misuli, na mara nyingi picha ya MRI, inayoonyesha mishipa na nyama, kisha uonwe na daktari bingwa. Omba barua ya rufaa kutoka hospitali ya mkoa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, yaani MOI, na usiridhike kupangiwa tena kliniki ya mifupa ya kawaida.

Nakuomba usichelewe, kwa sababu hapa tunashindana na kalenda. Mshipa wa fahamu uliokatika na kuunganishwa huota taratibu, takribani milimita moja kwa siku, na kutoka penye mtulinga hadi kwenye msuli unaokunja kiwiko ni safari ya miezi mingi. Wakati huohuo msuli uliokosa mshipa hausubiri milele. Baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hupoteza uwezo wa kupokea amri hata mshipa ukifika. Madaktari hupendelea kufanya upasuaji wa mishipa ndani ya miezi 3 hadi 6, nawe uko mwezi wa 8. Hata hivyo mlango haujafungwa. Upo upasuaji ambao daktari huchukua tawi dogo la mshipa wa fahamu usioumia, unaokwenda kiganjani, na kuliunganisha karibu kabisa na msuli wa kukunja kiwiko, ili safari iwe fupi, na hata muda wa mishipa ukipita, msuli wa sehemu nyingine unaweza kuhamishwa ufanye kazi hiyo. Bingwa ndiye atakayesema kipi kinakufaa.

Kuhusu kuchua, mwambie shangazi kwa heshima zote kwamba mshipa wa fahamu hauhami ukarudishwa kwa vidole, na kulivuta kwa nguvu bega lisilo na misuli ya kulishikilia kunaweza kulitegua. Ukihitaji kusaidiwa, asaidie kuunyoosha na kuukunja mkono polepole kila siku ili viungo visikakamae, na ukitembea uuning'inize kwa kitambaa. Pale penye ganzi jihadhari na pasi, sufuria na chai ya moto, kwa kuwa utaungua bila kujua.

Dawa ulizotumia si za maumivu ya namna hii, na diklofenaki kwa miezi mfululizo inaumiza tumbo na figo. Muulize daktari kuhusu amitriptilini, gabapentini au pregabalini. Ukipewa amitriptilini usishtuke mtu akikuambia kwamba ni dawa ya wagonjwa wa akili. Kwa kipimo kidogo, usiku, ni miongoni mwa dawa za mwanzo za maumivu ya mishipa ya fahamu. Kinywa kitakauka na asubuhi utakuwa mzito.

Mstaafu wa Utumishi

Mwanangu, pole kwa maumivu. Nilifanya kazi miaka mingi katika idara ya utumishi, upande wa mwajiri, kwa hiyo neno "linashughulikiwa" nalijua vizuri, na naona aibu kusema kwamba nami nimewahi kulitumia. Maana yake ni kwamba jalada halijafunguliwa.

Usisubiri matibabu yaishe. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo Mfuko wake ulianza kazi Julai 2015, inamtaka mwajiri atoe taarifa ya ajali ndani ya siku 7 tangu alipoijua, na dai lenyewe liwasilishwe ndani ya miezi 12. Una miezi minne mkononi. Kama mwajiri amenyamaza, peleka taarifa mwenyewe katika ofisi ya Mfuko iliyo karibu nawe, na umwone pia afisa kazi wa mkoa. Mchango wa Mfuko hulipwa na mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara wako, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba unaomba hisani.

Sababu nyingine ya kutosubiri ni kwamba mafao yenyewe yamegawanyika. Gharama za matibabu ya jeraha la kazini zinahusika, na zinaweza kuwa ndizo zitakazokufikisha kwa huyo bingwa. Kwa kipindi ambacho huwezi kufanya kazi kuna fao la ulemavu wa muda, asilimia 70 ya mshahara, lisilozidi miezi 24. Hali ikitulia ndipo hufanyika tathmini ya ulemavu wa kudumu: ukikadiriwa asilimia 30 au chini yake unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo unalipwa pensheni ya kila mwezi. Unaona basi kwamba maneno machache katika ripoti ya daktari yanaweza kukuhamisha kutoka upande mmoja wa mstari huo kwenda mwingine. Usiporidhika na uamuzi unaweza kuupinga, lakini utaupinga kwa karatasi.

Kwa hiyo andika leo barua kwa mwajiri yenye tarehe, saa na mahali pa ajali na jina la mwenzako aliyezima umeme, peleka nakala mbili na urudi na moja iliyopigwa mhuri. Wakikataa kugonga mhuri, itume kwa njia inayoacha risiti. Weka pamoja kadi za hospitali, hati za mshahara, mkataba na kitambulisho cha taifa.

Kuhusu ajira, likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kuisha kwake hakuvunji mkataba kwenyewe. Mwajiri anatakiwa aangalie kwanza kama ipo kazi nyingine unayoweza kuifanya, kama vile stoo au mizani, na mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anapaswa kuwa na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Usitie saini karatasi yoyote inayosema umeacha kazi kwa hiari. Wakikuachisha, una siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Fundi Kinu

Nawashukuru sana. Mzee wangu, shikamoo. Barua nimeiandika usiku huu kwa mkono wa kushoto, hivyo mwandiko ni wa mtoto wa darasa la kwanza, lakini inasomeka. Swali moja limebaki. Mkono usioinuka daktari anauona. Huu moto wa usiku anaupimaje?

Bi Fimbo

Mdogo wangu, hilo ndilo lililonigharimu, kwa hiyo naomba nilijibu mimi. Niliumia mwaka 2018 nikiwa safarini kikazi katika gari la mwajiri. Mshipa wa fahamu ulio kando ya goti ulipondeka na wayo ukabaki unaning'inia. Wayo walinitengenezea kifaa cha plastiki huko hospitali ya KCMC, Moshi, nacho nakivaa ndani ya kiatu hadi leo. Maumivu ndiyo yaliyokosa kifaa. Kulikuwa na usiku ambapo khanga ikigusa mguu ilikuwa kama kaa la moto, nami nilikuwa nalala mguu ukiwa nje ya shuka mwezi wa Julai, na baridi ya Moshi ya Julai mnaijua.

Sasa fikiria nilivyokuwa nikiingia kwa daktari. Akiniuliza "Hujambo mama, unaendeleaje?" nilijibu kama nilivyolelewa: "Sijambo daktari, naendelea vizuri, tunamshukuru Mungu." Naye aliandika alichosikia. Tathmini ilipofika, jalada langu la miaka miwili lilikuwa na neno "anaendelea vizuri" mara kumi na moja, na maumivu hayakutajwa hata mara moja. Nilikadiriwa kwa wayo peke yake. Nilipopinga niliulizwa mbona sikusema, na sikuwa na jibu.

Kwa hiyo msalimie daktari, kisha umwambie salamu zimekwisha na sasa unaeleza ugonjwa. Nunua daftari na kila siku uandike saa maumivu yalipoanza, yalipopita, ulichoshindwa kufanya, na kama ulilala. Usiandike "yanauma sana", kwa sababu halina kipimo. Andika kwamba umeshindwa kufunga kifungo, au kwamba mke wako amekukatia nyama. Mwonyeshe daktari daftari hilo kila kliniki na umwombe ayaandike maumivu katika kadi, kwa kuwa daftari lako peke yake lina uzito mdogo kuliko mstari mmoja wenye saini yake.

Katika dawa sikubaliani sana na mtaalamu hapo juu. Amitriptilini mimi ilinishinda, niliamka nikiwa kama nimelewa na nikaanguka bafuni. Tulibadilisha kwenda pregabalini, tukaanza na kipimo kidogo. Moto haukuzimika, ila ulirudi nyuma kiasi cha kuniachia saa tano za usingizi, na ukiwa na saa tano unaweza kuishi. Usiziache ghafla kwa sababu zimekwisha, rudi mapema.

Fundi Kinu

Dada, umenisema mimi mwenyewe. Kadi yangu ya mwisho imeandikwa "anaendelea vizuri". Barua imepokelewa leo na ina mhuri, ingawa mhasibu alinikawiza saa mbili mlangoni. Jumatatu naenda ofisi ya Mfuko, Alhamisi hospitali ya mkoa kuomba rufaa. Daftari nimelinunua, na ukurasa wa kwanza unasomeka hivi: "Saa tisa usiku, bega hadi gumba, moto. Nimeketi kitandani mpaka adhana ya alfajiri. Shati nimevalishwa."