Re: Kushona blanketi la viraka la kutoa kwa watoto, tuanzie wapi?

Habari zenu ndugu zangu,

Nimefurahi kweli kuona swali la mdogo wangu hapa kuhusu kikundi chao kinachotaka kushona kwilti, yaani blanketi la viraka, wakapeleke kwa watoto walioko hospitali na wale wanaolelewa kwenye familia za muda. Hii kazi naipenda sana kwa hiyo mnivumilie, imekuwa ndefu.

Kabla hamjashika mkasi pigeni simu kule mnakotaka kupeleka. Kila sehemu ina masharti yake, saizi gani, watoto wa umri gani, vitambaa vipya tu au hata vilivyotumika, lifuliwe kwa sabuni isiyo na manukato, litoke nyumba isiyo na moshi wa sigara wala paka wala mbwa maana kuna watoto wenye pumu na wenye mzio. Mkijua hayo mapema hamtashona kitu kizuri halafu kikaishia stoo. Kwa mlioko Marekani, kundi moja la siku nyingi ni Project Linus, alilianzisha Karen Loucks mwaka 1995 kule Colorado, wanapokea mablanketi ya kutengenezwa kwa mikono kwa ajili ya watoto wachanga mpaka vijana wa miaka 18, na wana matawi sehemu nyingi. Mlioko nchi nyingine ulizeni hospitali ya watoto iliyo karibu, au ofisi ya ustawi wa jamii.

> tuna mashati na mashuka ya zamani mengi, yanafaa?

Kama wamewakubalia vilivyotumika, yanafaa, ila yawe pamba tupu, asilimia 100. Chukua shati linyanyue dirishani mwanga upite, ukiona nyuzi zimeachana hasa mabegani na kwenye viwiko basi hapo pasikatwe kipande, maana mshono utashika vizuri lakini kitambaa kitachanika pembeni yake. Jinzi msichanganye na pamba laini, nzito inavuta nyepesi. Vitenge vipya fueni kwanza mpaka ule wanga utoke. Kwa kweli fueni kila kitu kabla ya kukata, pamba inasinyaa ikifuliwa mara ya kwanza, sasa kama vipande vingine vimeshasinyaa na vingine bado, siku mzazi akilitia kwenye mashine linatoka limejikunjakunja. Rangi nazo mzijaribu, lowesha kitambaa cheupe kisugue juu ya kile cha rangi, kikichafuka hicho hakijawa tayari. Nyekundu na bluu iliyokoza ndo zinasumbua zaidi.

> vipande vikatwe ukubwa gani?

Kwa kuanza kateni miraba ya inchi 5 kwa 5, msihangaike na nyota na pembetatu. Mshono wa kwilti unakaa robo inchi kutoka ukingoni, kama milimita 6, kwa hiyo kila kipande kikishashonwa pande zote kinabaki inchi 4 na nusu. Safu 10 zenye vipande 8 kila moja, jumla 80, mnapata kama inchi 36 kwa 45, yaani sentimita 91 kwa 114, linamtosha mtoto mdogo. Kwa kijana fanyeni safu 14 za vipande 11, vipande 154, inatoka karibu inchi 50 kwa 63.

Sasa hiyo robo inchi naomba niisemee kidogo maana mko kikundi. Mmoja akishona milimita 2 ndani zaidi, kila mshono unakula milimita 4, na safu ya vipande 8 ina mishono 7, hiyo ni karibu sentimita 3 zimepotea, safu yake haitakutana na ya mwenzake hata mvute vipi. Kwa hiyo siku ya kwanza kila mtu aunganishe vipande viwili tu apige pasi apime, isome inchi 9 na nusu kamili. Haijasoma hivyo, rekebisheni kwanza, bandikeni kipande cha utepe wa gundi kwenye cherehani robo inchi kutoka kwenye sindano, kiwe ndo mpaka wa kitambaa. Mkishaelewana hapo kazi yote iliyobaki inakwenda.

Pasi mnabonyeza, hamsugui, mkisugua kipande kinavutika. Safu ya kwanza laza mishono yote kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia tena. Mkija kuunganisha safu mtazisikia kwa vidole, mishono inakutana inaegemeana na pembe zinakaa pamoja zenyewe bila kulazimisha.

Halafu zile tabaka tatu: kitambaa cha chini, pamba ya katikati, na viraka juu. Cha chini kizidi inchi 4 kila upande. Ile pamba ya katikati someni karatasi yake kabla hamjanunua, imeandikwa mistari ya kushonea tabaka zote tatu pamoja isiachane zaidi ya inchi ngapi, na inatofautiana sana, wapo wanaotaka mistari ya karibukaribu na wapo wanaoruhusu mbali. Msipofuata, baada ya kufuliwa mara kadhaa pamba inajikusanya mabonge na mtoto anabaki na vitambaa viwili vitupu. Mimi nashauri mistari iliyonyooka kwa mashine tangu mwanzo mpaka mwisho. Kuna wanaofunga mafundo ya uzi wa sufu badala ya kushona, ni haraka ndiyo, lakini mtoto mdogo anavuta, anatia mdomoni, kwa blanketi la kutoa mimi sikubaliani nayo.

Pini za kushikizia tabaka wekeni kila baada ya upana wa kiganja, na mtu mmoja azihesabu zikiingia na azihesabu zikitoka, namba iandikwe kwenye karatasi. Ikipungua hata moja blanketi haliondoki mezani mpaka ipatikane. Vifungo, shanga, riboni, hivyo vyote acheni.

Pindo la kuzunguka ukingo kateni vipande vyenye upana wa inchi 2 na nusu, mkunje katikati kwa urefu. Lile la 36 kwa 45 linahitaji vipande vitano vilivyokatwa upana mzima wa kitambaa. Shoneni kwa mashine mbele na nyuma, najua kwa mkono linapendeza zaidi lakini hapa ndipo mtoto anaposhika akiburuta na ndipo panapoanza kuachia.

Kwa wachanga: madaktari wa watoto wa American Academy of Pediatrics wanashauri mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilazwe na blanketi wala kitu chochote laini kwenye kitanda chake. Hivyo la mchanga ambatanisheni kikaratasi kwamba ni la kumlaza juu yake akiwa macho na mtu anamwangalia, au la kumfunika kwenye kigari akiwa anaonekana.

Na tafadhali msiwasahau wakubwa. Kila mtu anataka kushona vitembo na nyota za rangi laini, sasa mvulana wa miaka 14 anahamishwa nyumba ya tatu na nguo zake kwenye mfuko wa takataka, yeye apewe lenye vitembo? Huyo mshonee la bluu na kijivu, kubwa, la kumfunika mpaka miguuni, liwe lake aende nalo popote atakapopelekwa. Hao ndo ninaowafikiria zaidi nikikaa kwenye cherehani.

Dada yenu

-----

Shikamoo dada, asante kwa maelezo. Mimi mke wangu yuko kwenye hicho kikundi na nataka kusaidia ila cherehani sijawahi kugusa kabisa. Wanaume tunafanya nini hapo?

-----

Marahaba mdogo wangu. Kazi mnayo tena nyingi. Kukata ndo kunachukua muda na kunataka mkono uliotulia, tumieni kile kisu cha gurudumu, chenye wembe wa duara unaozunguka, na rula ya plastiki inayoonyesha kitambaa kilicho chini yake, kisu kinasukumwa kwenda mbele, hakivutwi kuja kwako, na wembe unafunikwa kila unapokiweka mezani hata kama ni sekunde moja, watoto wa nyumbani wanapita. Kateni tabaka nne za kitambaa kwa mara moja, zikizidi za chini zinateleza. Mwingine asimame kwenye pasi, mwingine ahesabu pini. Na huyo wa pini asiwe anashona, awe kazi yake ni hiyo tu.