Cúailnge iko Leinster au Ulster? Majina ya mahali kwenye hadithi za kale za Ayalandi yamenichanganya

Dira_ya_Kale

Wakuu habari za jioni. Kuna jambo linanisumbua wiki ya pili sasa na najua humu kuna watu wa historia. Nasoma tafsiri ya Táin Bó Cúailnge, ile hadithi ya kale ya Ayalandi ambayo malkia Medb na mumewe Ailill wanatoka na jeshi kule Cruachan wanaenda kupora fahali mmoja anaitwa Donn Cúailnge, fahali wa watu wa Ulaid. Sasa mimi nikisoma kitu kama hiki siwezi kutulia bila ramani, nikachukua karatasi kubwa nikaanza kuchora safari yao, Cruachan nikaipata, ni Rathcroghan kaunti ya Roscommon, Cúailnge nayo nikaipata, ni ile rasi ya Cooley kaunti ya Louth, kama kilometa 140 ukikata moja kwa moja.

Hapo ndo nilipokwama. Ramani ya leo inasema Louth iko jimbo la Leinster. Hadithi inasema Cúailnge ni ya Ulaid, na kila kitabu kinasema Ulaid ndo Ulster. Sasa fahali alikuwa wa nani? Mwandishi alikosea au mimi ndo nasoma vibaya? Alafu kuna majina mengine kibao siyapati kabisa kwenye ramani, na mengine napata mawili mawili, mfano Sliab Mis naiona Antrim kaskazini na nyingine Kerry kusini huko mwisho. Naombeni msaada, nataka kuimaliza hii ramani vizuri.

mwana_nyaraka

Mkuu Dira, umesoma sawa, tatizo ni hiyo ramani uliyoweka chini ya karatasi yako. Mipaka ya leo ya Leinster na Ulster ni ya juzi tu ukilinganisha na hadithi. Kwenye masimulizi ya kale Ulaid wanashika kaskazini yote mpaka mto Boyne, yani mstari wa kusini unaanzia pale Boyne inapoingia baharini karibu na Drogheda na kwenda mpaka mto Drowes upande wa magharibi, kwaiyo Louth nzima inaangukia ndani. Baadaye Wanormani walipofika wakaifanya kaunti wakaiita Uriel, jina linalotokana na Airgialla, muungano wa makabila ya kaskazini, na mwishowe ikahesabiwa Leinster. Ila kanisa halikuhama, mpaka leo sehemu kubwa ya Louth iko chini ya jimbo kuu la Armagh, na Armagh ni Ulster. Ukitaka kujua mpaka wa zamani ulipita wapi angalia majimbo ya kanisa kabla ya kaunti, mara nyingi yanahifadhi mstari ambao serikali ziliufuta.

Alafu kuna kitu kigumu zaidi ya hicho. Ulaid wenyewe walisinyaa. Ukitoka kwenye hadithi ukafungua kumbukumbu za miaka zilizoandikwa kwenye monasteri, unakuta mfalme wa Ulaid hana tena kaskazini yote, ana upande wa mashariki ya mto Bann tu, takriban Antrim na Down za leo, na katikati wamekaa Airgialla, na magharibi Uí Néill, ukoo mkubwa wa kifalme. Emain Macha ambayo ndo makao ya Ulaid kwenye hadithi iko nje kabisa ya eneo hilo. Wafalme wa Dál Fiatach, ukoo uliotawala Ulaid hiyo ndogo, walikuwa na makao yao Downpatrick (kaunti ya Down) mpaka Mnormani John de Courcy alipoiteka mwaka 1177. Sasa mtu akikuuliza Ulaid iko wapi, kabla ya kuweka kidole kwenye ramani muulize ya karne gani, na muulize pia ni ya hadithi au ya kumbukumbu za miaka, manake mwandishi wa karne ya 12 anaandika Ulaid ya zamani za mashujaa huku dirishani kwake Ulaid ni nchi ndogo ya mashariki.

Kwa hiyo chora karatasi mbili. Mimi nilichora tatu.

Bi_Nahau

Naongezea hapo kwa mwana_nyaraka, manake kuna jambo la lugha ambalo sisi tunaozungumza Kiswahili tunaweza kulishika haraka. Ulaid sio jina la nchi, ni jina la watu. Sisi tuna Wanyamwezi na Unyamwezi, kiambishi kinakwambia huyu ni mtu na ile ni nchi. Kiayalandi cha kale hakina hiyo, neno ni lile lile moja, ukisema mfalme wa Ulaid umesema mfalme wa hao watu, na nchi yao ni popote walipo wao. Watu wakisukumwa jina linaenda nao! Ndo maana ukitafuta kwenye ramani unakuta makabila yamegeuka kaunti na wilaya: Ciarraige ndo Kerry, Osraige ndo Ossory, Uí Failge ndo Offaly, Loígis ndo Laois, Conmaicne Mara ndo Connemara. Na jina moja linaweza kuwa na matawi mbali mbali, Ciarraige walikuwepo Kerry na walikuwepo pia Connacht, jimbo la magharibi, kwaiyo ukikuta Ciarraige peke yake bila neno la pili baada yake usikimbilie Kerry.

Jambo la pili, maneno yao yanabadilika mwanzo na mwisho. Ulaid hiyo hiyo utaiona Ulad, Ultu, Ultaib, inategemea imekaa wapi kwenye sentensi. Tara ile maarufu jina lake ni Temair, hili Tara limetokana na umbo la umilikaji, yani lile la kusema kilima "cha Temair". Navan Fort ya Armagh ambayo ndo Emain, hiyo N ya mwanzo ni ya kibainishi an ikagandia kwenye jina, an Emain ikawa Navan. Na hapo pana mtego, kuna mji mwingine Navan kaunti ya Meath, huo kwa Kiayalandi ni An Uaimh na hauhusiani kabisa na Emain Macha, tafadhali usiweke jumba la mfalme Conchobar hapo, nimeshaona ramani ya mtu imefanya hivyo na inauma.

Na majimbo yenyewe, neno la kale ni cóiced, maana yake humusi, sehemu moja ya tano. Leo majimbo ni manne lakini bado wanayaita cúige, humusi. Ya tano wengi wanaitaja Mide, ile ya katikati, ambayo jina lake limebaki kwenye Meath. Sasa ukiwa na Ulster, Leinster, Munster, huo mkia wa mwisho, -ster, uliingia enzi za Waviking, Connacht peke yake ndo haina.

Kaskazi77

Samahani wakuu ila mimi naona tunajisumbua. Hizi ni hadithi walizoandika watawa karne nyingi baada ya hao mashujaa kama waliwahi kuwepo, muswada wa zamani kabisa wenye Táin ni Lebor na hUidre, na mwandishi wake mmoja Máel Muire aliuawa Clonmacnoise mwaka 1106. Unatafutaje kwenye ramani mahali palipotungwa?

mwana_nyaraka

Kaskazi77 hoja yako ina uzito lakini inachanganya vitu viwili. Tukio linaweza kuwa la kutunga na mahali pakawa pa kweli, mtunzi alitaka wasikilizaji wake wapaone machoni. Emain Macha ilichimbwa, wakakuta alama za jumba la mbao la duara kipenyo chake kama mita 40, na nguzo ya katikati ya mwaloni ikapimwa kwa pete za mti ikaonekana ilikatwa mwishoni mwa mwaka 95 au mwanzoni mwa 94 KK. Jumba wakalijaza mawe, wakalichoma, wakalifunika kwa udongo na majani likawa kilima. Hiyo haithibitishi Conchobar hata kidogo, ila inaonyesha kwamba watunzi hawakuokota kilima chochote tu, walichagua mahali palipokuwa na uzito zamani sana kabla yao. Na Rathcroghan ina mabaki zaidi ya 200 ya kale, na kwenye mdomo wa pango la Oweynagat kuna jiwe la maandishi ya ogham, alfabeti ya kale ya Ayalandi ya mistari iliyochongwa, linalosomwa kuwa la Fraech mwana wa Medb, ingawa kisarufi hilo jina lina umbo la kiume kwaiyo usiseme ndo malkia yule.

Tena kuna Ptolemy wa Aleksandria, kwenye jiografia yake ya karne ya 2 ameandika mto Bouvinda, ndo Boyne, na watu wa Uoluntii ambao wengi wanawasoma kuwa Ulaid. Ni Ptolemy huyo huyo aliyeandika Rhapta ya pwani yetu, na Rhapta mpaka leo watu wanabishana iko wapi. Boyne haibishaniwi kwa sababu mto umebaki na jina lake. Mito ni rafiki yako mkubwa Dira, anza na mito.

Dira_ya_Kale

Asanteni sana sana, hasa Bi_Nahau, kumbe nilikuwa natafuta majina na herufi za mwanzo zimebadilika. Nimefuta Leinster yote kwenye karatasi. Sasa swali lingine: ndani ya hadithi kila hatua kunapewa jina jipya. Cú Chulainn, shujaa wa Ulaid, anakata mti wenye matawi manne anauchomeka katikati ya mto na kichwa kwenye kila tawi, basi pale panaitwa Áth nGabla, kivuko cha mti wa panda. Hivi niamini? Jina lilitoka kwenye tukio au tukio lilitungwa kwa sababu ya jina?

Bi_Nahau

Mara nyingi jina lilikuwepo kwanza kaka. Walikuwa na fani nzima ya hiyo kazi, dindshenchas, elimu ya majina ya mahali, na mshairi alitakiwa aijue, akitajiwa kilima aeleze kwa nini kinaitwa hivyo. Wakati mwingine mahali pamoja panapewa sababu tatu zinazopingana na mwandishi anaziandika zote bila kuchagua. Edward Gwynn alichapisha yale mashairi kwa juzuu 5 kati ya 1903 na 1935. Mimi ushauri wangu, sababu ya jina isome kama hadithi, ila mpangilio wa majina uchukulie kwa makini, nini kinatajwa kabla ya nini, wanavuka mto gani, wanalala wapi. Kinachokosekana kwenye ramani kiweke katikati ya viwili vinavyojulikana. Táin inawapitisha Granard, ambayo ipo Longford na jina lile lile, alafu Cúil Sibrille, na hapo mwandishi mwenyewe anakusaidia kwa kusema ndo Cenannas, yani Kells ya Meath. Yani tayari enzi hizo msomaji alihitaji kuelezwa! Nikifika hapo huwa namhurumia na kumshukuru kwa pamoja.

Kaskazi77

Haya nimekubali kuhusu mahali. Na hizo Sliab Mis mbili alizouliza hakuna aliyemjibu: ya Antrim ndo Slemish, ile ya mapokeo ya Mtakatifu Patrick kuchunga mifugo akiwa mtumwa, ya Kerry ndo ile ya hadithi za wana wa Míl, mababu wa Waayalandi kwa mapokeo, wanaposhuka kutoka baharini. Mag Tuired pia ni mbili, moja karibu na Cong, Mayo, nyingine juu ya Lough Arrow, Sligo, na kuna vita viwili kwaiyo angalia unasoma vita ipi.

mwana_nyaraka

Vizuri Kaskazi. Dira, vifaa: Onomasticon Goedelicum ya Edmund Hogan ya mwaka 1910, ni ya zamani na ina makosa lakini inakuonyesha jina limetajwa kwenye miswada gani. Alafu barua za John O'Donovan wa miaka ya 1830, alizunguka kaunti kwa kaunti akisikiliza wazee wanavyotamka majina akilinganisha na miswada aliyoijua, wengi wa hao wazee walikuwa watu wa mwisho kuzungumza Kiayalandi katika sehemu zao. Na logainm.ie ipo wazi kwenye intaneti, andika jina la leo ikupe maumbo ya kale na mwaka wa kila umbo.

Dira_ya_Kale

Nimeingia logainm usiku huu huu. Nimeandika Ardee, imenipa Baile Átha Fhirdhia, mji wa kivuko cha Fer Diad, pale alipopigana na Cú Chulainn aliyekuwa ndugu yake wa kulelewa pamoja. Mto wa hapo leo unaitwa Dee, kwenye hadithi ni Níth. Nimeuchora kwa wino.