Muhula mmoja Ujerumani: nichukue kozi zipi? Njia A, B au C

BintiPangani
Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa tatu, Jiografia na Mazingira, chuo kimoja hapa Dar. Nimepata nafasi ya kubadilishana wanafunzi, muhula wa baridi, mji mdogo wa Bavaria. Mihadhara inaanza katikati ya Oktoba. Makubaliano ya masomo yanatakiwa yawe yamesainiwa na mimi, idara yangu na wao kabla ya Ijumaa, na hapo ndipo nimekwama.

Barua yangu ya ufadhili inasema nisishuke chini ya ECTS 20 (zile krediti za vyuo vya Ulaya). Nimepanga hivi:

A: Kozi tano, ECTS 30, zote zinaendana na za nyumbani: GIS (mifumo ya taarifa za kijiografia), hidrolojia, tabianchi, jiografia ya miji, na semina ya maendeleo vijijini. Mbili kati ya hizo ni za uzamili, maana za shahada ya kwanza karibu zote zinafundishwa kwa Kijerumani.

B: GIS na hidrolojia, halafu Kijerumani cha kuanzia na semina moja ya masomo ya Afrika. ECTS 22.

C: Nisome ninachokipenda, nikirudi niurudie muhula nyumbani. Baba hajaambiwa habari za C.

Mliopita huko, mnasemaje?

FundiNondo
A. Wenzio wanaililia nafasi hiyo, wewe unataka kwenda kujifunza kusalimiana?

Mnyalu_Majuu
Fundi, tulia kidogo. Dada, umeandika majina ya kozi na ECTS zake, lakini hujaandika kila moja inapimwa vipi. Kwa Ujerumani mimi ningeanzia hapo.

Kwetu umezoea test mbili, kazi za nyumbani, ukifika UE, mtihani wa mwisho wa muhula, tayari una alama mkononi. Kule kozi nyingi zina kipimo kimoja tu, mwishoni, na hicho kinabeba alama zote. Kikiwa Klausur, yaani mtihani wa kuandika ukumbini, unafanya Februari na mambo yanaisha. Kikiwa Hausarbeit, hiyo ni insha ya utafiti ya kurasa kama 15, nayo mara nyingi inakusanywa mwisho wa Machi, wakati wewe ulisharudi Dar. Mhadhiri naye ana wanafunzi wengine na mapumziko yake. Alama zangu mbili za Hausarbeit zilitoka Juni. Wenzangu wanaandaa majoho, mimi nasubiri transkripti.

Kwa hiyo kabla ya Ijumaa fungua maelezo ya kila kozi, tafuta mahali palipoandikwa Prüfung, yaani mtihani, usome. GIS na hidrolojia nadhani utakuta Klausur au ripoti ya mazoezi. Semina zako zote mbili, ya vijijini na ya Afrika, nina wasiwasi ni Hausarbeit. Kwa mtu anayetaka kuhitimu mwaka huu, moja inatosha.

Hesabu ya krediti nayo ina mtego. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu ya kwetu, inahesabu krediti 1 kwa saa 10 za kujifunza, mwaka 120. Wao ECTS 1 ni saa 25 hadi 30, mwaka 60. Idara nyingi zinazidisha kwa mbili tu: ECTS 30 ni krediti 60, muhula umetimia. Kwenye karatasi ni sawa. Lakini piga saa: krediti 60 za kwetu ni saa 600, ECTS 30 ni saa 750 mpaka 900. Ongeza baridi, na jua linalozama kabla ya saa kumi na nusu jioni mwezi Desemba. Mtu anayekwambia chukua 30 kwa muhula wa kwanza ugenini, muulize yeye alichukua ngapi.

FundiNondo
Mimi sijaenda. Nimetoa maoni.

Mnyalu_Majuu
Yamepokelewa mkuu 😂

Wambo_wa_Ruaka
Sasa dada. Mimi ni Mkenya, nilienda Uingereza, kwa hivyo mambo ya ECTS siyajui sana. Kule krediti ni kama zenu, saa 10 kwa moja, mwaka 120, na moduli nyingi ni 15 au 20. Hesabu haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kurudi. Nilifanya yuniti nne, idara yetu ikanitambulia mbili. Mkuu wa idara aliyekuwa ameniambia "nenda tu, tutaangalia" alikuwa amehamishwa, na aliyekuja alitaka karatasi. Sikuwa na karatasi. Nikarudia yuniti mbili na wanafunzi wa mwaka wa chini yangu.

Mpelekee mkuu wa idara barua pepe yenye namba (code) ya kila kozi, maelezo yake, na yuniti ya nyumbani inayochukua nafasi yake. Akubali kwa maandishi, moja moja. Mkipatana kwa mdomo kwenye korido, hujapatana.

BintiPangani
Wambo asante, hilo nalifanya kesho asubuhi. Mnyalu, nimeangalia. GIS ni ripoti ya mazoezi, hidrolojia Klausur, tabianchi Klausur, miji na vijijini zote Hausarbeit. Semina ya Afrika ni Hausarbeit pia, lakini ni Blockseminar. Hiyo ndiyo nini?

Mnyalu_Majuu
Semina inayobanwa wikiendi mbili au tatu badala ya kila wiki. Nzuri ukiipata Novemba, maana unaweza kuandika mapema na kumwomba mhadhiri aisahihishe kabla hujaondoka. Ikiwa Februari, inaangukia kwenye wiki za mitihani.

Pwaguzi_88
Jamani mnahangaika na nini? Pale Bayreuth na Leipzig wanafundisha Kiswahili chuo kikuu. Jiandikishe Kiswahili cha kwanza, upate 1.0 umelala.

FundiNondo
1.0 si ndiyo kudisko kabisa, kufukuzwa chuo kwa kufeli?

Pwaguzi_88
Kwao 1.0 ndiyo ya juu, 4.0 ndiyo ya mwisho kufaulu, 5.0 umeanguka. Nilimpigia mama nikamwambia nimepata 1.3, akanyamaza, kisha akasema "pole mwanangu, rudi tu nyumbani."

Dkt_wa_Baadaye
Pwaguzi, mwenye lugha yake hapewi krediti za kozi ya wanaoanza, mwalimu akisikia salamu yako tu amekujua. Ila Kiswahili kule kina faida nyingine. Darasa linatafuta watu wa kuzungumza nao, mnabadilishana saa moja Kiswahili, saa moja Kijerumani. Mimi nilijifunzia hapo kuliko darasani. Tena si jambo geni: Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa anafundisha Kiswahili Berlin tangu 1900. Mswahili kukaa mbele ya Wajerumani wanaosoma "mtu, watu" ni mambo ya zamani.

Kuhusu B, Kijerumani kichukue, lakini nje ya hesabu. Idara yako ya jiografia itaitambua kwa lipi? Kiandike kama nyongeza. Ukizidiwa Desemba unakiacha bila kugusa ECTS 20 zako.

Na kozi za uzamili zisikutishe kwa jina. Zina watu wachache na mnasoma sana kabla ya kipindi. Kinachotisha ni kunyamaza. Kule mhadhiri anasubiri umpinge. Mwezi mzima wa kwanza nilikuwa naandika notsi tu, kimya, mpaka akaniuliza kama naelewa Kiingereza.

Mtoto_wa_Nyasa
Niko Marekani, naongezea kidogo. Hapa ni kinyume: kipimo kila wiki, majaribio, kazi za kusoma, mpaka kuchangia darasani kuna alama. Mwenye viza ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza anatakiwa krediti 12 kwa muhula, kama kozi nne za krediti tatu tatu. Wiki ya kwanza unaruhusiwa kuonja kozi na kuacha. Huko Ujerumani kuna kuonja?

Mnyalu_Majuu
Kupo, wiki mbili za mwanzo watu wanazunguka sana. Ukibadilisha kozi, yale makubaliano yanabadilishwa na kusainiwa upya na wote watatu, kwa hiyo usingoje. Na ukiona ratiba ina 8–10 halafu 10–12 usidhani zinagongana. Kama imeandikwa c.t., kipindi kinaanza robo saa baadaye: saa mbili na robo hadi tatu na dakika 45. Robo saa ya kuvuka chuo imo humo. Ikiwa s.t., ni saa kamili, wahi.

Kachero_Mbeya
Nimesoma yote, hakuna aliyetaja kilichoniangusha mimi. Kujiandikisha kozi si kujiandikisha MTIHANI. Ni usajili mwingine, kwenye mfumo mwingine, una dirisha lake kati ya muhula. Mimi nilihudhuria vipindi vyote, nikasoma, siku ya Klausur jina halimo. Msimamizi alikuwa mpole sana, akanionyesha mlango. Nilirudi nyumbani na ECTS 6 pungufu.

BintiPangani
😳 Asante kaka.

Basi nimeamua. GIS, hidrolojia, tabianchi, na Blockseminar ya Afrika, ECTS 23. Ni Novemba, nimeuliza. Kijerumani nje ya hesabu. Miji na vijijini nimeziacha, ingawa ya miji inaniuma. C imekufa, baba hatajua kamwe.

FundiNondo
Sasa hiyo si A wala B.

BintiPangani *(tarehe 9 Desemba)*
Salamu kutoka kwenye theluji. Mkuu wa idara alikubali tatu kwa maandishi, ya Afrika akaitambua kama kozi ya hiari. Hausarbeit nimefika ukurasa wa nane. Hidrolojia ni ngumu kuliko nilivyodhani, mhadhiri anatumia mito ya kwao tu, mimi naiwaza Pangani kila akichora.

Kachero, dirisha la mitihani limefunguliwa jana. Nimejisajili zote, na picha ya skrini ninayo.