Mkanda wa kijani lakini kwenye kumite (kupigana na mwenzako) naganda, shida ni mimi au ni mazoezi?

KijaniWaJinja

Jamani habari zenu. Mi niko Jinja, nafanya karate ya mtindo wa Shotokan, mkanda wa kijani. Nina maswali na pia nina ya kusema kidogo, mnisamehe ikiwa ndefu.

Darasa letu liko hivi: tunapasha mwili, halafu kihon (mbinu za msingi), kwenda na kurudi ukumbini na oi zuki (ngumi ya kupiga hatua), gedan barai (kuzuia chini), mae geri (teke la mbele) mpaka mapaja yanawaka moto, halafu kata, ile mifululizo ya mbinu unayofanya peke yako (niko Heian Yondan, Heian ya nne), na muda ukibaki tunafanya ippon kumite, ile ya shambulio moja linalotajwa kabla. Muda wenyewe ndo haubaki. Kumite ya huru ni mpaka mashindano yakaribie ndo tunaanza kukimbizana wiki za mwisho, na hapo ni wale wakubwa wanapiga wadogo tu, hakuna anayekueleza kwa nini umepigwa.

Sasa juzi tulialikwa Kampala kufanya mazoezi na klabu nyingine. Nikapangiwa kijana mwembamba wa mkanda wa njano, wa chini yangu, wa NJANO banange, akanichezea alivyotaka. Mi namsubiri aje na ile hatua ndefu nimzuie age uke (kuzuia kwenda juu) halafu nirudishe gyaku zuki (ngumi ya mkono wa nyuma) kama tunavyofanya siku zote, yeye haji hivyo, anaruka ruka, anagusa anatoka, anagusa anatoka. Mkono wangu mmoja uko kiunoni kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa hikite, kuvuta mkono nyuma. Mwisho nikala kizami (ngumi ya mkono wa mbele) ya mdomo, mdomo ukapasuka kwa ndani kwenye meno, damu kwenye gi, nguo yangu nyeupe ya karate, mama mpaka leo anauliza hiyo karate inanipeleka wapi. Kijana hata pole hakusema, na mwalimu wao akacheka tu.

Maoni yangu ni kwamba kata zingepunguzwa hata nusu, naziona za maonyesho. Ippon kumite nayo inatudanganya, nani mtaani atakutangazia "jodan" (juu, usoni) kabla hajakupiga? Sasa niambieni, kupasuka mdomo mazoezini ni kawaida au yule hakuwa na adabu? Nihamie kikboksi? Na huku kuganda kunaisha vipi, maana akili inajua cha kufanya ila mwili unabaki pale pale.

MzeeWaBombo

Kijana wangu pole kwa mdomo. Mimi karate nilianza nikiwa jeshini na sasa magoti yamestaafu, ila macho bado yanaona.

Ippon kumite haikudanganyi, wewe ndo umeipa kazi isiyo yake. Kazi yake ni miguu na umbali. Angalia vizuri siku nyingine: mwenzako anapokuja na oi zuki, wengi mnarudi nyuma kabla hajaanza, au mnarudi mbali mno mpaka gyaku zuki yako inapiga hewa na unajidanganya kwamba umepiga. Rudi kiasi kwamba ngumi yake ikiisha inabaki karibu kugusa nguo yako, na wewe kutoka hapo ulipo unamfikia bila kupiga hatua. Hiyo ndo maai, umbali sahihi. Ukiipata hata yule wa njano angekuona tofauti.

Ni sawa na kijana anayejifunza bodaboda kwenye uwanja wa shule, hakuna ubaya hapo, ubaya ni siku ya pili kumpeleka Kampala Road saa kumi na moja jioni. Katikati panatakiwa pawe na kitu, na kitu chenyewe kipo kwenye Shotokan, kinaitwa jiyu ippon kumite. Anayeshambulia bado anataja anapopiga, lakini wote mko kwenye kamae (mkao) ya kupigana, mnatembea, yeye ndo anachagua lini aingie na kutoka umbali gani, na akipiga anarudisha mkono hauachi umening'inia hapo ukisubiri kuzuiwa. Kwa ulivyoeleza naona nyinyi mnatoka ippon mnaruka moja kwa moja kwenye huru. Lazima mtu agande.

Na ujue kwamba hata Funakoshi aliyeleta karate Japani kutoka Okinawa mwaka 1922 hakuwa mpenzi wa mapambano ya huru. Ni wanafunzi wa vyuo ndo waliosukuma jambo hilo, vijana kama wewe waliochoka kupiga hewa. Mashindano makubwa ya kwanza ya JKA (Chama cha Karate cha Japani) yalifanyika 1957, mwaka huo huo mzee Funakoshi alifariki. Kwa hiyo ugomvi wako na sensei wako ni wa zamani kuliko mimi.

Kyoku_Ntinda

Hahaha wa njano! Kaka njoo kwetu Kyokushin uache kucheza kugusana. Huku hakuna glavu, hakuna pointi za kugusa na kukimbia, unapigwa kifuani na tumboni mpaka unazoea, na mapaja yanakula low kick mpaka kupanda taxi nyumbani ni shida. Baada ya hapo huwezi kuganda kwa sababu mwili umeshajua maumivu ni nini. Nyinyi wa pointi mnaogopa kitu ambacho hamjawahi kukionja.

Kuhusu kata niko na wewe nusu. Tunazo na sisi na mtihani huwezi kupita bila kata, ila hakuna aliyeshinda pambano kwa Heian.

DadaWaGulu

@Kyoku_Ntinda kaka yangu nakuheshimu lakini ninyi hamruhusiwi kupiga ngumi usoni, teke la kichwa sawa, ngumi hapana. Ndo maana ninyi wengi mnasimama kifua kwa kifua mikono iko chini. Huyu ndugu shida yake ni ngumi ya uso, sasa unamtuma mahali ambapo hiyo ngumi haipo?

@KijaniWaJinja mimi nashindana kwa sheria za WKF (Shirikisho la Karate Duniani) kwa hiyo nikueleze yule kijana alikuwa anafanya nini, maana hakuwa anaruka ruka bure. Kwenye sheria zetu ngumi ni yuko, pointi 1, teke la mwilini waza-ari pointi 2, teke la kichwani au kumpiga aliyeanguka ni ippon pointi 3, na ukimwacha mwenzio kwa pointi 8 pambano limeisha. Halafu kuna senshu, anayetangulia kupata pointi peke yake, wakimaliza sare yeye ndo mshindi. Kwa hiyo mtu aliyefundishwa hivyo anataka aguse KWANZA, na silaha ya kwanza ni kizami kwa sababu mkono wa mbele ndo uko karibu na wewe. Klabu hizo hata mkanda mweupe anafundishwa kuingia na kutoka kabla hajajua Heian ya pili. Mkanda unakwambia mtihani gani mtu amepita, haukwambii amepigana na watu wangapi.

Mkono kiunoni uondoe leo leo. Hikite iache kwenye kihon na kata, ina maana yake pale (unakuwa umemshika mtu unamvuta, muulize sensei wako akuonyeshe Heian Yondan mwishoni unaposhika kichwa unakileta kwenye goti, halafu uniambie ni ya maonyesho). Kwenye kumite mkono wa nyuma unakaa kati ya kifua na kidevu, kiwiko kimefunika mbavu.

Mdomo sasa. Kupasuka kidogo kunatokea, nimepasuka na nimepasua. Lakini kawaida haina maana ni sawa. Control ni ufundi, siyo huruma. Tokyo 2021 kwenye ile Olimpiki, fainali ya wanaume wazito, Tareg Hamedi wa Saudia alikuwa anaongoza 4-1, akamtandika Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la kichwa, jamaa akazimia akatolewa kwa machela. Watu wakadhani Msaudia kachukua dhahabu. Refa wakakaa wakaamua teke lilizidi, akaondolewa, dhahabu ikaenda kwa yule aliyekuwa amelala. Wengi walilalamika, mimi nilisema sawa kabisa. Kama unaweza kulipeleka teke pale kwa kasi ile basi unaweza na kulizuia, vinginevyo hujui unachofanya. Na yule wa njano alitakiwa akusemeshe, asimame, akuangalie mdomo. Mwalimu anayecheka mgeni akivuja damu mimi darasa lake sirudi.

Kyoku_Ntinda

@DadaWaGulu sawa dada kwenye uso umenipata. Ila kuzoea mwili apate tu, hata nyumbani, mwenzake ampige tumbo taratibu akiwa anatoa pumzi. Asilimia kubwa ya kuganda ni kubana pumzi. Kiai siyo kelele za kuwafurahisha wazazi siku ya mtihani, ni ya kukulazimisha utoe hewa.

Naguru_Kona_Nyekundu

Mimi ni mtu wa ndondi nimepita tu hapa. Nyinyi watu wa karate mnapenda kusahau mko nchi gani. Uganda hii Eridadi Mukwanga alileta medali ya fedha ya Olimpiki Mexico 1968, Leo Rwabwogo shaba mwaka huo huo na fedha Munich 1972, Ayub Kalule bingwa wa dunia 1979. Gym za ndondi ziko kila mtaa wa Kampala na Jinja pia huwezi kukosa. Nenda pale mara moja kwa wiki, usihame karate yako, waambie tu unataka kuzoea ngumi ya uso.

Sisi kijana mpya hatumtupi kwenye sparingi. Tunaanza jab peke yake. Mmoja anarusha jab tu, polepole, mwingine anakinga tu, hana ruhusa ya kurudisha, raundi nzima, halafu mnabadilishana. Unajua kwa nini unaganda? Unafumba macho. Mwambie mwenzako akurekodi kwa simu, utaona, ngumi ikifika hivi macho yamefungwa na kidevu kimepanda juu. Ukiwa na kazi moja tu ya kukinga, hofu ya kushindwa haipo, macho yanaanza kubaki wazi yenyewe. Baadaye ndo unaongeza kurudisha moja.

Na ukipigwa kichwa vizuri ukaona nyota au ukaumwa kichwa siku hiyo, hakuna sparingi mpaka upone kabisa, na ukitapika au ukichanganyikiwa ni hospitali, usisubiri asubuhi. Hili halina ujeuri.

KijaniWaJinja

Aah asanteni wakubwa, nimesoma zote mara mbili. Nimejaribu ile ya jab na rafiki yangu hapa nyuma ya nyumba, mi nakinga tu, na kweli tumerekodi na kweli nafumba macho, yaani kila mara, aibu. Ila tulipoendelea ikapungua.

@MzeeWaBombo nilimwambia sensei kuhusu jiyu ippon nikiwa naogopa ataona namfundisha kazi. Akaniangalia akasema hiyo ni ya mkanda wa kahawia. Nikanyamaza. Hapo nifanyeje mzee, si naweza kuonekana sina heshima?

@DadaWaGulu hiyo ya Heian Yondan sikuwahi kuiwaza, mi nilidhani ni kupandisha goti tu na kupiga makofi. Kuhusu kata bado nashikilia zipunguzwe lakini siyo nusu, tuseme robo haha.

MzeeWaBombo

Hapo kijana sensei wako hajakosea kwa utaratibu, madarasa mengi inaingia kwenye mtihani huko juu. Kutahiniwa ni kitu kimoja, kufanyia mazoezi ni kingine. Usibishane naye mbele ya darasa. Mfuate baada ya mazoezi, baada ya kusafisha ukumbi, mwambie sensei naomba mimi na fulani tubaki dakika kumi tufanye chini ya macho yako. Mwalimu wa karate ukimwomba kufanya kazi zaidi hakatai. Ukimwambia darasa lake lina kasoro, hapo umekwisha.

Na kama atakataa kabisa, na kila mwaka mambo ni yale yale wakubwa kupiga wadogo bila kueleza, basi tafuta dojo nyingine, umuage kwa adabu. Kwenda siyo usaliti. Ila hiyo kikboksi ya kukimbilia kwa sababu mtoto wa njano alikugusa mdomo, hapana.

KijaniWaJinja

Nimekupata mzee, nitamfuata Jumamosi. Swali la mwisho, kinga ya meno. Nimeona soko la Owino Kampala kuna za bei ya chini zile za kuchemsha, zinafaa au ni za kuchezea? Na ya kwanza nilijaribu ya rafiki ikawa inaniletea kutapika.

DadaWaGulu

Ya rafiki?? Wewe! Kinga ya meno haiazimwi, ni sawa na kuazima mswaki.

Za kuchemsha zinafaa kabisa kwa kuanzia, mradi iwe mpya kwenye pakiti yake, usinunue iliyotumika hata kama ni mia tano. Maji yachemke, uyatoe motoni, uizamishe kwa sekunde zile zilizoandikwa kwenye pakiti usizidishe itayeyuka, uipitishe kwenye maji ya baridi kidogo tu usije ukaungua ufizi, halafu uiume kwa nguvu huku unainyonya na kuibana kwa vidole kwa nje. Ikikaa vizuri ukifungua mdomo haianguki. Kama bado inakuletea kichefuchefu ni ndefu nyuma, kata kidogo kidogo kwa mkasi kwenye zile ncha mbili, ujaribu, ukate tena. Usikate kwa mara moja ukaharibu.

Kyoku_Ntinda

Na kinga ya chini pia ununue, ya huko pengine. Hiyo hakuna aliyekwambia hapa na kizami siyo kitu kibaya zaidi kinachoweza kukupata.