Protini ya Klotho kwa sokwe: umri na jinsia vinaleta tofauti gani?

MwanaMwamgongo
Wakuu, salaam. Mimi ni fundi wa mashine za kusafisha damu, ila nimezaliwa Mwamgongo, jirani kabisa na hifadhi ya sokwe ya Gombe. Baba alikuwa akifuata sokwe tangu alfajiri mpaka wajenge viota jioni. Habari za sokwe jike Fifi tulizisikia kama za jirani wa nyumba ya pili: alizaa watoto tisa, na alipotoweka mwaka 2004, akiwa na miaka 46 hivi, bado alikuwa na mtoto mdogo. Baba husema majike humudu uzee kuliko madume.

Kazini naona wagonjwa ambao figo zao haziwezi tena kutoa fosfeti (chumvi ya fosforasi) mwilini, na mishipa yao inaota chokaa. Nikasoma kwamba Klotho hutengenezwa zaidi na figo na hupungua tukizeeka. Kwa sokwe je? Dume na jike ni sawa?

MamaMaabara
Mwanangu, umegusa penyewe. Mwaka 1997 Makoto Kuro-o na wenzake kule Japani walieleza panya waliokosa jeni ya Klotho: mifupa dhaifu, ngozi nyembamba, mishipa yenye chokaa, kifo wakiwa na miezi miwili hivi. Homoni ya FGF23 inaiambia figo itoe fosfeti, na bila Klotho figo haisikii. Mwaka 2005 panya waliozidishiwa Klotho waliishi zaidi: madume kwa asilimia 20 hadi 31, majike kama 19. Kwa hiyo jinsia ilijitokeza mapema, tena faida kubwa waliipata madume. Usichanganye dume na jike kwenye wastani mmoja.

Kisiwani
Natunza sokwe yatima Uganda. Damu tunachukua siku ya uchunguzi tu, mnyama akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Mambo mawili yanawatega watu. La kwanza, wengi waliletwa bila tarehe ya kuzaliwa. Umri tuliukadiria kwa meno, kwa hiyo “miaka 30” inaweza kuwa 28 au 33. La pili, majike wetu wengi wana vijiti vya uzazi wa mpango. Homoni zao si za jike wa msituni. Ukiona tofauti ya jike na dume hapa kwetu, uliza kwanza kuhusu kijiti.

Nyakato_Kibale
Naongezea la sokwe wa Ngogo, huku Kibale, Uganda. Mwaka 2023 watafiti walichapisha habari za majike 185: uzazi unashuka baada ya miaka 30, na hakuna aliyezaa baada ya 50, ingawa wengine waliishi hadi miaka ya sitini. Homoni zilipimwa kwenye mkojo, zikabadilika kama za mwanamke anayekoma hedhi. Kwa hiyo jike wa miaka 35 na wa 55 usiwaweke kapu moja la “wazee”. Mkojo wenyewe tunaunyonya kwa bomba dogo kutoka kwenye majani, sokwe akishasogea. Hatumgusi.

MwanaMwamgongo
Asanteni sana. Hilo la kijiti lisingenijia kamwe. Nyakato, dada yangu, huo mkojo unakaa muda gani kabla ya kugandishwa? Klotho ni protini. Kwenye joto la msituni naona itaharibika upesi kuliko homoni.